Si kila mti wa Nyamongo ni tegesha: nilivyopigania kivuli cha wanangu

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi, kwenye kiwanja changu, na majirani ni mashahidi. Majina nimegeuza kidogo kwa sababu shemeji yangu naye yumo humu jukwaani, anasoma kila kitu na hachangii.

Naandika kwa hasira. Mnivumilie.

Juzi mwanachama mmoja kaweka picha ya nyumba ya huku kwetu, miti imebanana kama nywele za kichwa, akaandika: "Watu wa Nyamongo hawapandi miti, wanatega." Mkacheka kurasa nzima. Mimi nilikuwa chini ya mti wangu, nanyonyesha, simu mkono mmoja. Sikucheka.

Kwa mgeni wa huku: "tegesha" ni neno letu. Ukisikia fununu kwamba mgodi unataka kupanuka, unakimbilia eneo unalodhani litachukuliwa, unachomeka miche mingi haraka haraka, au unasimamisha kibanda cha bati kisicho na mtu. Unasubiri waje wathamini, ulipwe fidia, uhame.

Tegesha ina upandaji wake. Shimo la kidole. Kiroba cha mche hakitolewi. Maji hayamwagwi. Kutoka mche hadi mche ni shubiri moja. Ule mti haukuwekwa pale ukue, umewekwa uhesabiwe.

Na sitawasema vibaya watu wote. Mtu anayesikia kila mwaka kwamba mwakani atahama, atapanda mparachichi wa nini? Atakula nani? Ndiyo maana ukipita mitaa yetu unakuta nyumba nzuri, vigae vya kung'aa, dishi la king'amuzi juu, na uwanjani hakuna hata jani. Dhahabu imeleta kila kitu isipokuwa kivuli.

Sasa nianze.

Niliolewa nikiwa nimemaliza form four. Tukajenga upande wa Kewanja, kwenye eneo alilogawiwa mume wangu na familia yake. Mume wangu, Baba Bhoke, ni mchimbaji mdogo, anashinda kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Nyumba vyumba vitatu, bati la kawaida, uwanja umesawazishwa kwa kifusi. Jua la saa nane lilikuwa linaingia ukutani upande wa magharibi na usiku ukuta ulikuwa bado unatoa joto kama jiko la mkaa.

Mtoto wangu wa kwanza, Bhoke, alikuwa ametoka vipele vya joto shingo nzima. Nikipaka poda, jasho linaiosha.

Siku moja kijana wa bodaboda kaegesha pikipiki yake uwanjani kwangu akaingia dukani kwa jirani. Bhoke ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Akajikokota mpaka pale, akakaa kwenye kivuli cha pikipiki, akatulia kabisa, anacheza na mawe yake. Yule kijana akarudi, akawasha, akaondoka.

Mtoto kabaki juani. Akaangalia pale kivuli kilipokuwa, akaangalia barabara, akaanza kulia.

Wakuu, mwanangu alikuwa anaazima kivuli cha bodaboda. Nikasema hapana.

Sikukurupuka. Nilitumia siku kadhaa kulitazama tu jua. Asubuhi linagonga wapi, mchana wapi, jioni wapi. Vumbi linaingia upande gani malori yakipita. Maji ya mvua yanatuama wapi. Ndugu zangu mnaotaka kupanda miti nyumbani, hii hatua msiiruke. Watu wengi wananunua mche kwanza ndiyo wanatafuta pa kuuchomeka.

Plan yangu ikawa hivi. Magharibi, miti ya mwamvuli, ile inayotanua matawi kama sinia zilizopangwa, ivunje jua la mchana. Barabarani, mstari wa miashoki ipokee vumbi. Nyuma karibu na jiko, mndimu. Na mparachichi mahali pa wazi ambapo maji hayasimami.

Mkaratusi niliukataa, na mkuu mmoja atakuja hapa kuniambia unakua haraka. Najua unakua haraka. Unakunywa maji kama ng'ombe wa mnadani, na tawi likikatika na upepo haliangalii bati la nani. Minyaa pia niliikataa, ingawa mama mkwe alisema ndiyo uzio wa asili. Utomvu wake ukiingia kwenye jicho la mtoto utajuta.

Nikaenda Tarime mjini. Kuna mzee mmoja ana kitalu cha miche, mtu wa asili ya pwani aliyezeekea huku, kofia yake nyeupe na maneno mengi. Nikamkuta anamwagilia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Watokea wapi?"

"Nyamongo."

Akaweka chini kopo la maji, akanitazama vizuri.

"Ya kutegesha au ya kuotesha?"

Nilidhani sijasikia. Nikamuuliza kuna tofauti gani.

"Ipo, tena kubwa. Ya kutegesha nakufungia fungu kama mchicha, wala huulizi jina. Ya kuotesha unachagua mmoja mmoja."

Nikamwakia. Nikamwambia nina mtoto anakaa kwenye kivuli cha pikipiki, sina haja na fungu la mchicha.

"Haya mama, usinile. Pita uchague."

Alinifundisha kuangalia chini ya kiroba kama mizizi imezunguka na kuchomoza. Ikiwa hivyo, mche umekaa sana kitaluni, uache. Hapo alinisaidia. Pia aliniapia kwamba mparachichi wake utazaa "kesho kutwa tu." Mzee, kama unasoma, kesho kutwa yako ni ndefu.

Nikarudi na miche yangu. Sasa ikaja kazi ya mashimo.

Baba Bhoke anachimba mwamba kutwa nzima, lakini ukimwambia achimbe shimo la mti, mgongo unamuuma. Nikachukua sururu yake mwenyewe. Kile kifusi ni kigumu, nikawa nagonga cheche zinatoka. Shimo la kwanza likafika magotini.

Hamuwezi kuamini. Vijana waliokuwa wanapita wakasimama. Mmoja, wawili, ghafla uwanja umejaa. Huku kwetu mtu akionekana anachimba, hakuna anayefikiria mti.

"Shemeji, umegonga?"

"Nimegonga nini?"

"Mwamba! Usitufiche bwana, sisi ni nyumbani."

"Nachimba shimo la mti."

Wakacheka. Wakatazamana. Mmoja akaruka ndani akachota udongo, akaunusa. Mwingine akaleta karai. Wakaosha udongo wangu kwa maji yangu, tena nimeyanunua, wanachungulia ndani ya karai kama wanasoma matokeo ya mtihani. Hamna kitu. Wakasema labda kina bado. Wakaninyang'anya sururu wakaendelea kuchimba, wakahamia na mashimo mengine niliyoweka alama, mpaka wakachoka.

Mwisho yule wa karai akaniuliza kwa sauti ya chini, kama ananipa pole:

"Kwa hiyo shemeji, kweli ni mti?"

"Ni mti, mura."

Akatikisa kichwa akaondoka. Mashimo yangu yakawa yamechimbwa bure na tamaa. Nikayajaza samadi ya ng'ombe ya mama mkwe iliyokaa muda mrefu, nikachanganya na udongo mweusi wa mtoni, nikapanda. Lile shimo refu walilodhani lina dhahabu, ule mwamvuli ulioko pale ndiyo mkubwa kuliko yote mpaka leo.

Baada ya hapo ni kazi ya kila siku, haina hadithi. Maji ya kuogea mtoto yanakwenda kwenye mti. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mti. Mchwa, nikaweka majivu. Mbuzi, nikazungushia matawi ya miiba, na wa Mama Ghati jirani nilimpiga fimbo mbele ya mwenyewe, tukanuniana, tukapatana.

Watu walikuwa wananitania. "Mama Bhoke, tegesha yako mbona ina nafasi? Hujui kutega!" Nilijibu mwanzo, baadaye nikaacha.

Nikapata mtoto wa pili, Marwa. Wiki niliyotoka naye hospitali nilipanda mparachichi wake, ule wa kisasa wa kuunganishwa. Nikamwambia Bhoke huu ni wa mdogo wako, usiuchezee. Na kweli hakuuchezea. Mtoto mdogo yule alielewa.

Mtu mzima ndiyo hakuelewa.

Ikaja fununu. Kuna watu walipita na vifaa vya kupimia, wakaangalia kilima kile cha nyuma yetu, wakaondoka. Basi. Hawakusema neno. Ila kufika jioni kijiji kizima kinasema upande wetu unachukuliwa. Viroba vya miche vikaanza kupita kwenye pikipiki kama mikate.

Mimi nilikuwa nimempeleka Marwa kliniki. Nikarudi mchana, nimembeba mgongoni, Bhoke nimemshika mkono.

Uwanja wangu siuoni.

Shemeji yangu Mwita, mdogo wake mume wangu, alikuwa amekuja na marafiki zake wakachomeka miche kila mahali. Kuanzia barabarani mpaka mlangoni. Kwenye njia. Pale Bhoke anapochezea. Shubiri, shubiri, shubiri. Viroba vyeusi vinachungulia juu ya udongo, hata kuvifukia vizuri hawakuweza.

Na pale katikati, mparachichi wa Marwa haupo.

Nikauona umelala pembeni ya choo, mizizi juu, majani yameshalegea.

"Mwita, huu nani kaung'oa?"

"Shemeji, ule ulikuwa unakula nafasi ya miti mingi sana. Mmoja unahesabiwa mmoja tu."

Alisema kwa upole kabisa, kama ananifundisha hesabu.

Wakuu, niliweka mtoto chini kwenye kitenge. Nikaanza kung'oa. Sikubagua, sikuchagua. Nang'oa natupa barabarani, nang'oa natupa. Mama Ghati kule kwake akapiga yowe: "Jamani Mama Bhoke anang'oa fidia!" Watu wakaja mbio kuliko siku ya karai. Nilikuwa nimefika nusu ya uwanja mama mkwe alipofika.

Jioni yake tukakaa kikao. Mama mkwe, mume wangu, Mwita, mimi. Marwa ananyonya.

Mama mkwe hakuwa upande wangu, niseme ukweli.

"Mwenzako anakutafutia hela, wewe unazing'oa. Wewe ni mwanamke wa namna gani?"

"Mama, naomba niulize, usikasirike. Hapa mlitupa tukae au tutege?"

"Mkae. Lakini hela ikija?"

"Ikija itanikuta na wanangu tuko kivulini. Isipokuja je?"

Mwita akadakia. "Shemeji una roho ngumu kwa ajili ya mti."

"Ni mti wa mtoto wa kaka yako. Nenda kamwambie Marwa kwamba alikuwa anakula nafasi."

Mume wangu muda wote alikuwa anachora chini na kijiti. Mimi nilijua akisema Mwita aendelee, sina pa kukata rufaa. Ile nyumba ingekuwa tegesha na sisi ndani yake tungekuwa tegesha. Tunahesabiwa tu.

Akainua kichwa.

"Mwita, hiyo miti yako nani atamwagilia?"

"Kaka, mti wa tegesha haumwagiliwi."

"Ya mke wangu inamwagiliwa na maji ya kuogea watoto wangu. Yako peleka pembezoni, kule kwenye mpaka. Umwagilie mwenyewe. Ikifa usimtafute mtu. Na ule mparachichi uurudishe kwa mikono yako, sasa hivi, mimi naangalia."

Sikuwahi kumpenda yule mwanaume kama siku ile.

Mwita akauchukua mche, akaurudisha shimoni, mimi nimesimama kichwani kwake na ndoo. Nikamwambia atoe mikono mifukoni, afukie, akanyage udongo taratibu, amwage maji. Hakunitazama usoni. Mama mkwe akasema "mnaoana na askari siku hizi," akaenda zake.

Mwita alimwagilia miche yake siku chache, na redio yake shingoni, kwa mbwembwe. Halafu akaanza kumtuma mtu. Halafu kiangazi kikaingia.

Wale watu wa vifaa hawakurudi. Fununu ikahamia upande wa Kemambo, na viroba vya miche vikahamia huko huko. Miche ya Mwita ikakauka yote, ikasimama pale mpakani kama njiti za kiberiti. Aliyeivuna ni mama mkwe. Alikuja asubuhi akaing'oa akaifunga mzigo wa kuwashia moto.

"Angalau imepika ugali," akasema.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Tangu siku hiyo tuko sawa.

Mparachichi wa Marwa ulipukutisha majani yote. Nilidhani umekufa. Niliendelea kuumwagilia kwa ubishi tu. Siku moja nikaona kichipukizi, lakini kimetokea chini ya pale ulipounganishwa. Wanaojua wataelewa: aina ya kisasa ilikufa, kilichorudi ni shina la kienyeji. Sikuung'oa. Nimeuacha uishi.

Sasa hivi, wakuu, miamvuli imepita bati. Saa nane ukuta wa magharibi haupati jua hata kidogo. Miashoki ya barabarani imekuwa myekundu kwa vumbi upande wa nje, upande wa ndani ni kijani, nikiiangalia nafurahi kwa sababu lile vumbi lilikuwa la vifua vya wanangu. Vipele vya Bhoke nimevisahau. Mama Ghati anamwaga mahindi yake kwangu ayapukuchue kivulini. Hata wale vijana wa karai huja kukaa, na yule mmoja bado anautazama ule mti wa shimo refu kama unaficha kitu.

Na Mwita? Mwita kaoa.

Kaoa binti wa Mugumu, Serengeti huko, akajenga hapo hapo pembeni yetu. Nyumba nzuri, uwanja mweupe kama sahani. Bibi harusi alikaa kwake siku ya kwanza, ya pili akabeba kigoda akaja kwangu.

"Dada, pale si nyumba, ni tanuru."

Akawa anashinda kwangu. Anachambulia mboga kwangu, anasukia nywele kwangu. Mwita akirudi anakuta nyumba tupu, inabidi aje kumtafuta mkewe chini ya miti yangu, anakula chakula chake chini ya miti yangu. Nilikuwa nasubiri tu.

Majuzi, mvua zikiwa zinakaribia, akaja, anazunguka zunguka, anapiga mluzi.

"Shemeji. Ile miche... ulinunua wapi?"

"Twende."

Tukaenda Tarime. Yule mzee wa kitalu hakunikumbuka. Kofia ile ile, kopo lile lile.

"Mwatokea wapi?"

"Nyamongo," akasema Mwita.

Mzee akaweka kopo chini.

"Ya kutegesha au ya kuotesha?"

Mwita akanigeukia, mimi nikaangalia barabarani kama simjui. Akakuna shingo.

"Ya kukaa, mzee."

Mzee akacheka. "Hiyo sijawahi kuulizwa na mtu wa kwenu."

Mwita akachagua mmoja mmoja. Anageuza viroba, anaangalia mizizi, ananiuliza huu je, huu je. Mwishoni akachukua mparachichi mmoja wa kuunganishwa akaulipia peke yake, akaniambia huu si wangu, ni wa Marwa. Njiani kwenye bodaboda aliuweka katikati ya miguu akaufunika na koti lake usipigwe upepo. Yeye akaja anatetemeka kwa baridi mpaka nyumbani.

Tuliupanda jana, hatua chache kutoka ule wa kienyeji. Shimo alichimba yeye, na hakuna aliyeleta karai.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Usiishi kwako kama mtu aliyefunga mizigo. Huenda ukahamishwa, huenda usihamishwe, mimi sijui na wewe hujui, lakini mtoto anakua hapo hapo wakati mnasubiri. Panda. Ukihamishwa, utakuwa umekaa kivulini miaka yote hiyo. Na wewe uliyeweka ile picha, siku nyingine ukipita Kewanja piga hodi. Nitakupa kigoda ukae chini ya mti, halafu uniambie nilitega nini.

Karibuni mchangie. Hasa mnaojua miparachichi: lile shina la kienyeji nikate juu niunganishe upya, au niliache lizae lenyewe? Na kwa mchwa kuna anayejua kitu zaidi ya majivu?

Shemeji, najua unasoma. Toka huko kwenye simu, jua limeshuka. Mti wa Marwa bado haujapata maji.